Atensheni mtambuka yangu inatoa 1 kila mahali: nimekosea wapi?

*"Niko mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamili. Nina picha kama elfu tatu za majani ya mihogo, na kila picha ina maelezo mafupi ya mkulima kwa Kiswahili. Picha nazipitisha kwenye mtandao wa picha wa ResNet-50, maelezo kwenye modeli ya lugha ya XLM-R, kisha naunganisha kwa atensheni mtambuka: maandishi yanauliza, picha inajibu. Usahihi umebaki uleule wa kutumia picha peke yake. Nilipochapisha uzito wa atensheni nikakuta 1.0 kila mahali. Nimeongeza vichwa hadi 8 na tabaka hadi 4, hakuna kilichobadilika. Nikageuza upande, picha ikaanza kuuliza maandishi, nikaweka na maski ya kuficha vijazio, yaani nafasi tupu zinazojaza sentensi fupi. Losi (kipimo cha makosa) ikawa nan, yaani "si namba", tangu bechi (fungu la mifano) ya kwanza. Mwenzangu anasema tatizo ni data kidogo. Je, nitafute data zaidi au niachane na atensheni?"*

Ndugu yangu, pole na kazi, na hongera kwa kuuchapisha ule uzito. Wengi wakiona usahihi haupandi huongeza tabaka na kusubiri usiku kucha bila kufungua ndani waone kinachoendelea. Wewe ulifungua, na zile moja ulizozikuta ndilo jibu la nusu ya swali lako.

Nianze na la mwenzako. Data kidogo ni tatizo la kweli, na nitalirudia, lakini silo linalokusumbua sasa hivi. Hata ungekuwa na picha milioni moja, uzito wako ungebaki 1.0 na usahihi ungebaki ule wa picha peke yake. Kwa jinsi ulivyoijenga, modeli yako haisomi maelezo ya wakulima hata neno moja. Haikatai kuyasoma. Hakuna njia ya maneno hayo kufika mwisho.

Ili uone kwa nini, turudi kwenye kazi ya atensheni yenyewe. Kuna vitu vitatu: ulizo, ufunguo na thamani. Katika atensheni ya ndani vyote vitatu hutoka kwenye mfuatano mmoja, kwa mfano maneno ya sentensi ileile yakitazamana. Katika atensheni mtambuka ulizo hutoka upande mmoja, huku ufunguo na thamani vikitoka upande wa pili. Fikiria mama anayekwenda gulioni na orodha mkononi. Orodha ni ulizo. Vibao vilivyochomekwa kwenye magunia ni funguo. Nafaka iliyomo ndani ya magunia ni thamani. Anapita akilinganisha orodha na vibao, anaamua achote kiasi gani kwenye kila gunia, kisha anarudi nyumbani na mchanganyiko wa nafaka. Kwenye kikapu hakuna vibao, na wala hakuna orodha. Kuna nafaka tu.

Tuiweke kwa namba. Tuseme neno "madoa" linauliza vipande vitatu vya picha, na baada ya kuzidisha ulizo na kila ufunguo, kisha kugawa kwa kipeuo cha pili cha urefu wa vekta, umepata alama 2, 1 na 0. Softimaksi, hesabu inayogeuza alama kuwa mafungu yanayojumlika kuwa 1, inazigeuza kuwa 0.665, 0.245 na 0.090. Jumla ni 1. Kipande cha kwanza kimechukua theluthi mbili, na vingine vimegawana kilichobaki. Ule mgawanyo wa kipeuo usiuone kuwa pambo. Kama kila kichwa, yaani kila atensheni ndogo inayofanya kazi sambamba na nyingine, kina urefu wa 64, kipeuo chake ni 8. Bila kugawa, alama zilezile zingekuwa 16, 8 na 0, na softimaksi ingempa wa kwanza 0.9997. Uchaguzi ungekuwa umeshafungwa kabla modeli haijajifunza lolote, na gradienti, yaani ishara ya kuurekebisha, ingekuwa karibu na sifuri. Ndiyo maana waandishi wa Transformer, usanifu uliojengwa juu ya atensheni, mwaka 2017 waliiweka hesabu hiyo ndani ya fomula yenyewe.

Sasa weka kipande kimoja badala ya vitatu. Alama yake ni 2? Softimaksi inatoa 1. Ni 16? Inatoa 1. Ni hasi 40? Bado ni 1, kwa sababu namba inagawanywa kwa yenyewe. Gulioni kuna mchuuzi mmoja tu: orodha yako iandikwe vyovyote iwavyo, utarudi na alichonacho yeye.

Hapo ndipo ulipo. ResNet-50 ukiitumia jinsi inavyokuja, mwishoni inachukua wastani wa picha nzima na kukupa vekta moja yenye namba 2,048. Ukampa kila neno la mkulima vekta hiyo moja aichague. Kila neno limeichagua kwa asilimia 100, kwa kuwa hapakuwa na kingine. Vichwa 8 vimekuwa wachuuzi wanane, kila mmoja kwenye gulio lake la peke yake. Tabaka 4 zimerudia safari ileile mara nne.

Kuna la pili ambalo hukulitaja, ila matokeo yako yananionyesha lipo. Nilisema kwenye kikapu hakuna orodha. Anayeuliza anachagua, lakini hachangii: kinachotoka kwenye atensheni ni mchanganyiko wa thamani tu, na kwako thamani zote ni za picha. Maandishi yalikuwa na njia moja ya kuathiri jibu, nayo ni kubadili uzito, na uzito wenyewe umekwama kwenye 1. Njia nyingine ingekuwa kiungo cha kurukia, yaani kuchukua vekta ya muulizaji na kuijumlisha na jibu alilopewa. Bila shaka hukukiweka. Ungekuwa nacho, maandishi yangepenya angalau kwa mlango huo na usahihi ungesogea, uwe juu au chini. Kwa hiyo ulichojenga, ukikiangalia kwa hesabu, ni ResNet-50 yenye tabaka chache za ziada za kuzidisha matriksi.

Ulipogeuza upande ulikuwa unakaribia njia, na nasikitika kwamba nan ilikurudisha nyuma. Ulizo moja si tatizo. Tatizo ni ufunguo mmoja. Picha moja ikiuliza maneno ishirini, kuna wachuuzi ishirini na uchaguzi wa kweli unafanyika. Kilichokuangusha ni maski.

Programu inayokata sentensi kuwa tokeni (vipande vya maneno) hukupa `attention_mask` ambamo 1 maana yake "hili ni neno halisi" na 0 maana yake "hiki ni kijazio". Lakini `nn.MultiheadAttention` ya PyTorch, maktaba ya kujengea modeli, inataka `key_padding_mask` ambamo True maana yake "puuza". Ukigeuza ile ya kwanza kuwa bool (True au False) na kuipeleka moja kwa moja, unaficha maneno yote ya mkulima na kuiacha modeli itazame vijazio. Na katika kila bechi iliyojazwa hadi urefu wa sentensi ndefu kuliko zote, hiyo ndefu haina kijazio hata kimoja. Kwake kila kitu kimefichwa, alama zote ni hasi isiyo na mwisho, na softimaksi inagawa sifuri kwa sifuri. Nan inazaliwa kwenye sentensi hiyo moja, inaingia kwenye wastani wa losi, na bechi nzima inakwenda nayo. Ndiyo maana imetokea tangu bechi ya kwanza. Dawa ni herufi chache: `attention_mask == 0`.

Angalia pia, `F.scaled_dot_product_attention` ya PyTorch hiyohiyo inasoma maski ya bool kinyume: kwake True maana yake "shiriki". Makosa ya namna hii nimeyaona kwa watu wazoefu kabisa. Na usidhani nan ndiyo mbaya zaidi. Nan inapiga kelele. Maski iliyogeuzwa kwenye bechi ambazo sentensi zote zimejazwa hadi urefu uliopangwa, tuseme 64, haitoi nan hata kidogo: modeli inafundishwa wiki nzima ikisoma vijazio, losi inashuka taratibu kwa msaada wa picha, na hakuna anayejua.

Sasa jenga upya. Iambie ResNet-50 isimame kabla ya ule wastani. Kwa picha ya 224 kwa 224 inakupa gridi ya 7 kwa 7, yaani vipande 49, kila kimoja kikiwa na namba 2,048. Hao ni wachuuzi 49, au waulizaji 49. Pande zote mbili zishushe hadi urefu mmoja, 256 inatosha kwa data yako, kwa tabaka la mstari kila upande.

```
# F: (B, 2048, 7, 7) kabla ya wastani;  H: (B, L, 768)
picha  = self.shusha_picha(F.flatten(2).transpose(1, 2))  # (B, 49, 256)
picha  = picha + self.mahali                              # (1, 49, 256)
maneno = self.shusha_maneno(H)                            # (B, L, 256)
vijazio = (attention_mask == 0)                           # True = puuza

jibu, uzito = self.mtambuka(picha, maneno, maneno,
                            key_padding_mask=vijazio,
                            average_attn_weights=False)
picha = self.sawazisha(picha + jibu)
```

Tabaka la mtambuka liumbwe na `batch_first=True`, la sivyo litadhani urefu wa sentensi ndio bechi, na kwa bahati mbaya mara nyingine maumbo hukubali bila kulalamika. `average_attn_weights=False` nimeiweka kwa sababu vinginevyo unaonyeshwa wastani wa vichwa vyote, na kichwa kimoja kilichoamka hufunikwa na saba vilivyolala. `self.mahali` ni alama za kujifunza zinazosema kipande kiko juu au chini ya picha, kwa kuwa atensheni yenyewe haijui mpangilio: ukivichanganya vipande, jibu la kila kipande litakuwa lilelile.

Nimeiacha picha iulize na maneno yajibu. Ungeweza kufanya kinyume, na ukiwa na kiungo cha kurukia pande zote mbili zingefika mwisho. Nimechagua hivi kwa sababu picha ipo siku zote, ilhali maelezo mara nyingine yatakuwa neno moja au hayapo. Zaidi ya hapo, maneno ya mkulima yana habari ambayo picha haina, kwa hiyo ni vizuri yapite kwenye thamani, yafike kama nafaka na si kama orodha.

Hili la habari nataka tulitulie, maana ndilo linaloamua kama kazi yako ina maana. Ugonjwa wa batobato huonekana vizuri kwenye majani machanga ya juu: mabaka ya njano na kijani, jani limejikunja. Picha inatosha. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ni jambo lingine. Kwenye majani dalili zake ni njano inayofuata mishipa, zaidi kwenye majani yaliyokomaa ya chini, na mara nyingi ni hafifu. Mmea unaweza kuonekana mzima kabisa juu huku chini muhogo umeoza kwa madoa makavu ya kahawia. Mkulima akiandika "nikikata ndani una madoa kama kutu," amekupa kitu ambacho hakuna kamera iliyoelekezwa kwenye jani itakayokipata. Hapo aina ya pili ya data ina kazi ya kufanya. Lakini kama maelezo mengi ni "majani yana mabaka ya njano," anarudia kile ambacho picha imeshasema, na hakuna usanifu wa mtandao utakaotoa faida mahali ambapo haipo.

Kwa hiyo kabla ya kufundisha tena, kaa chini usome maelezo mia moja kwa macho yako. Tafuta mawili. La kwanza ni hilo la habari mpya. La pili ni jibu lililovuja: je, kuna wakulima walioandika "batobato" au "michirizi"? Kama wapo, na lebo zako zinasema hivyohivyo, modeli itajifunza kusoma jina la ugonjwa na utapata usahihi wa kupendeza usio na thamani shambani. Ondoa majina hayo, au uripoti matokeo ya kundi hilo peke yake. Vilevile gawa data kwa shamba, siyo kwa picha. Picha tano za mmea mmoja zikitawanyika kati ya mafunzo na majaribio, unapima kumbukumbu.

Kuhusu kuachana na atensheni: inawezekana, na sitakudanganya. Kwanza pima njia nyepesi tatu: picha peke yake, maandishi peke yake, na vekta mbili za wastani zilizoungwa pamoja kisha tabaka moja la kuainisha. Kwa data ya elfu tatu, hiyo ya tatu hushinda mara nyingi, au hukosa kwa kiasi kidogo sana. Bloku moja ya atensheni yenye urefu wa 256 ina vigezo (namba za kujifunza) 262,144 kwenye matriksi zake. Yenye 768 ina 2,359,296, na tabaka zako nne uzizidishe. Vigezo vingi hivyo mbele ya picha elfu tatu hukariri haraka. Hapo ndipo maneno ya mwenzako yanapopata uzito. Unaweza kuanza mafunzo ya ResNet kwa data ya mihogo iliyokusanywa Uganda, ile ya picha zaidi ya 21,000 ambayo maabara ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Makerere na wataalamu wa NaCRRI, taasisi ya utafiti wa mazao ya Uganda, waliiandaa. Haina maelezo ya wakulima, ila upande wa picha utasimama imara.

Atensheni mtambuka hulipa pale ambapo vipande vya upande mmoja vinalingana na vipande vya upande wa pili. Whisper, modeli ya kuandika matamshi iliyotoka mwaka 2022, inageuza sekunde 30 za sauti kuwa nafasi 1,500, na kila neno linaloandikwa linauliza nafasi hizo lisikie linatokea wapi. Huko huwezi kuchukua wastani wa sauti nzima. Kwako ulinganifu upo kwa kiasi: "majani ya chini" na vipande vya chini ya picha, "mishipa" na mistari ya njano. Lakini kipande kimoja cha gridi ya 7 kwa 7 kinasimama kwa pikseli 32 kwa 32, na mchirizi mwembamba unaweza kupotea humo. Ukiweka picha ya 448 utapata gridi ya 14 kwa 14, vipande 196. Ningefanya hivyo kabla ya kuongeza hata tabaka moja.

Ukiamua kuendelea, zuia kwanza mafunzo ndani ya ResNet na XLM-R, fundisha muunganiko tu, kisha ufungue taratibu. Hila moja nzuri ilitumika kwenye Flamingo, modeli ya picha na maandishi ya DeepMind, mwaka 2022: jibu la atensheni linazidishwa na geti, tanh (hesabu inayobana namba kati ya -1 na 1) ya namba inayoanzia 0. Siku ya kwanza geti limefungwa, modeli ya zamani iko salama, na linafunguka kadiri linavyopata faida. Ukilitumia, usianzishe na matriksi ya kutokea ya atensheni kwa sifuri. Geti likiwa sifuri, gradienti ya matriksi ni sifuri. Matriksi ikiwa sifuri, gradienti ya geti ni sifuri. Kila mmoja anamsubiri mwenzake afungue mlango, na watasubiri milele.

Kisha fanya jaribio hili, ambalo ningekuomba ulifanye hata kama umeyaacha mengine yote. Chukua modeli iliyokwisha kufundishwa, na wakati wa majaribio changanya maelezo: picha ya shamba hili ipewe maneno ya shamba lile. Usahihi ukibaki palepale, maandishi hayasomwi. Ukishuka, yanasomwa, na ukubwa wa mshuko unakuambia yanategemewa kiasi gani. Linachukua dakika chache na lina uaminifu kuliko ramani za rangi za uzito wa atensheni. Ramani hizo zinaonyesha modeli ilichota wapi. Hazithibitishi kwamba ilichochota ndicho kilichoamua. Ukikuta maandishi hayasomwi hata baada ya marekebisho, jaribu kuifuta picha kwa bahati nasibu katika sehemu ndogo ya mifano ya mafunzo, ili modeli ilazimike kuyasikiliza maneno.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kukusaidia. Kama umepita hatua hizi na bado unapata nan au maumbo yasiyoeleweka, mtafute mtu wa maabara yenu akae kando yako na mchapishe umbo la kila tensa (jedwali la namba) mstari kwa mstari. Saa moja ya watu wawili inatosha. Na lebo zako zipeleke kwa afisa ugani au watafiti wa mihogo wa TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania, wazipitie, hasa zile za "mzima". Michirizi ya kahawia ilielezwa na mtafiti Storey kule Amani, Tanga, mwaka 1936, na hadi leo mtu mzoefu hukata muhogo autazame ndani, au hupeleka jani maabara, kabla ya kusema shamba ni safi. Ugonjwa huu husafiri ndani ya pingili. Modeli yako ikimwambia mkulima shamba lake ni zima, mwakani atawagawia majirani pingili hizohizo. Kwa hiyo isimfikie mkulima yeyote kabla mtu anayeijua mihogo hajakaa na matokeo yake shambani.

Anza na maski, kisha gridi, kisha jaribio la kuchanganya maelezo. Ukishapata usahihi wa zile njia nyepesi tatu pamoja na wa atensheni, zote kwa mgawanyo wa mashamba, niandikie namba hizo nne tuzitazame pamoja.